Rangi ya Gari la Baba

Mama Toakase, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, kila anapokaa na watu husimulia kwamba baba yangu mwenyewe ndiye aliyechagua rangi nyeusi. Anasema alisikia kwa masikio yake, akiwa anaanua nguo. Eti shangazi yangu Manusiu aliuliza, "Kaka anataka rangi gani?" na baba akajibu kwa sauti, "Nyeusi, ndiyo rangi ya watu wenye heshima," kisha akacheka mpaka akakohoa. Watu wa kijiji chetu, Kolonga, wameipenda sana hadithi hiyo. Mtu akiwa amejitakia mwenyewe, huna haja ya kumwonea huruma.

Kucheka alicheka kweli. Mengine siyo.

Baba yangu, Lisiate, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka juzi kwa sababu ya sukari, na kidonda hakijapona. Tangu hapo gari ndilo chumba chake. Ni gari la abiria la zamani, lenye mlango wa kuburuta ubavuni, na viti vya nyuma tulishaving'oa ili tupakie mihogo na magimbi. Siku za soko mimi na mama tunakwenda naye mjini Nuku'alofa asubuhi na mapema, mimi nikiendesha, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumgeuza wala wa kumpeleka chooni. Mchana nampeleka kliniki akafungwe kidonda upya. Saa nyingine zote anakaa garini nyuma ya meza yetu, juani, maana kivuli cha soko ni cha wenye meza za ndani.

Chumvi ya bahari ilikuwa imelila lile gari mpaka huwezi kusema lilikuwa na rangi gani. Mjomba akatutumia kutoka Auckland makopo manne ya rangi nyeupe. Baba akayaweka chini ya kitanda chake, na akija mgeni alikuwa akimwomba ainame ayaone.

Nikaenda kwa Kelepi, fundi wa rangi, anayefanya kazi chini ya mshelisheli karibu na kanisa. Pale nje alikuwa na boneti mbili zilizoegemezwa ukuta wa kanisa, juani, moja nyeupe na moja nyeusi.

"Weka mkono hapa, binti," akaniambia. Nikauweka kwenye nyeupe. "Sasa hapa. Hesabu mpaka kumi."

Kwenye nyeusi nilifika nne, nikautoa.

"Usimlaumu, Kelepi, hesabu zake zinaishia hapo hapo," akasema mmoja wa wanaume waliokuwa wakinywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, maana wote wanajua niliacha shule darasa la sita. Wakacheka.

Kelepi hakucheka. "Nyeupe itakuonyesha kila doa la kutu, utaosha mpaka uchoke. Lakini mtu atapumua ndani. Nyeusi kwa jua letu hili, mwaka wa pili tu paa linababuka kama ngozi ya nguruwe motoni. Ya fedha iko katikati. Mzee anataka ipi?"

"Nyeupe. Anayo tayari."

"Basi leta gari Jumatatu. Kabla hajasikia yule."

Yule alikuwa shangazi, na alikuwa ameshasikia.

Kwetu dada mkubwa wa baba hakataliwi kitu. Akitaka nguruwe wako anafungua banda, anaondoka naye, na wewe unamshukuru. Tena kaka na dada hawakai chumba kimoja wakabishana. Maneno yao hupita kwa mtu mwingine, na nyumbani kwetu mtu huyo ni mimi. Jumapili baada ya ibada shangazi akaja, akaketi kwenye mkeka chumba cha mbele. Baba alikuwa chumba cha nyuma. Katikati palikuwa na pazia tu, kila mmoja anamsikia mwenzake mpaka anavyopumua, lakini ilinibidi nitembee.

"Mwambie baba yako nimesikia anapaka gari rangi."

Nikaenda. "Mwambie ndiyo," akasema baba. "Naomba iwe nyeupe. Jua linaniua."

Nikarudi. "Anasema ndiyo, Shangazi. Anaomba iwe nyeupe. Jua linamwua."

Shangazi akajifuta macho. Alikuwa analia kweli, sitaki mtu adhani ninamsingizia. "Si jua linalomwua," akasema. "Nesi ameniambia kila kitu, mwanangu. Siku ikifika hapatakuwa na nafasi ya kuhangaika na rangi. Ndugu wa Auckland watashuka na simu zao, watapiga video, watu wataangalia mpaka Amerika. Kaka yangu atolewe hospitali kwa gari jeupe, kama wanapeleka barafu? Nyeupe ni ya kubebea mihogo. Mwambie nyeusi."

Nikabaki nimesimama. Baba alikuwa amesikia, kijiji kizima kilikuwa kimesikia.

"Nenda basi," akasema shangazi.

Nikaenda, nikasema lile neno moja. Hapo ndipo alipocheka, mpaka kikohozi kikamshika. Alipotulia akasema, "Mwambie nyeupe tunayo tayari. Makopo manne. Asijisumbue."

Nikarudi kwa shangazi nikasema hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mwambie asante kwa makopo. Tangi langu la maji limefubaa sana, maji yanatoka ya moto."

Wanawe wawili wakaingia kuchukua makopo chini ya kitanda. Baba akainua mguu wake uliobaki ili wapite.

Nikamkuta mama jikoni anamenya magimbi. "Mama, sema kitu."

"Niseme kama nani? Mimi hapa nimeolewa." Akaendelea kumenya, na maganda yalikuwa mazito kuliko kawaida yake.

Kelepi alijaribu. Aliniambia nimpelekee shangazi kipande cha bati chenye rangi ya fedha, nimweleze kwamba kwenye video inaonekana ya kifahari. Shangazi akakigeuza mara mbili. "Hii ni rangi ya sufuria," akasema, akanirudishia.

Kazi ya msasa niliifanya mimi, siku tatu, na ndoo ya maji pembeni, mpaka ncha za vidole zikachunika. Kelepi akapuliza nyeusi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gari likatoka linang'aa mpaka unajiona meno. Watu walikuja kulitazama. Hata mimi nililiona zuri.

Hiyo ilikuwa Januari. Februari baba alikuwa akikaa mle na kitambaa kibichi kichwani, mlango umefunguliwa wote, na kitambaa kilikuwa kinakauka kabla sijamaliza kumfungia mteja mmoja mihogo. Wauza samaki walimpa barafu iliyobaki. Wakati mwingine walimpa maneno.

"Lisiate, geuka. Upande huo umeiva."

"Leteni chumvi," anajibu baba, na soko zima linacheka, na yeye anacheka nao. Halafu wanarudi kwenye kivuli.

Tukaweka makuti juu ya paa. Siku ya pili wanawe shangazi wakaja wakayatoa, kwa adabu kabisa, wakasema mama yao amesema yanakwaruza. Nesi alipofungua kidonda wiki ile akageuza uso kwanza. "Huyu mtu mnamweka wapi?" akaniuliza.

"Garini."

"Gari gani?"

Nikamwonyesha dirishani. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, wala hakuniambia ni nini. Sasa kidonda kilikuwa kimepanda juu ya goti.

Jumamosi moja tumerudi kutoka sokoni, mama ameingia kuwasha moto, nami sijamshusha baba bado, shangazi akaingia uani na kamba ya katani. Amevaa nguo nyeusi na mkeka wake wa heshima kiunoni kama anakwenda kanisani.

"Shika ncha hii, mwanangu. Iweke nyuma ya kiti cha dereva."

Nikaishika. Akaivuta mpaka mlango wa nyuma, kamba ikapita juu ya mapaja ya baba. Baba akaitazama, akaitazama na dada yake.

"Tuongeze unene wa mikeka," shangazi alikuwa akinong'ona, "na nguo za magome za maziko, zisije zikakunjamana."

"Mwambie apime fupi," baba akaniambia. "Mguu mmoja ulishatangulia."

Sikujua nimpelekee nani maneno hayo. Shangazi alikuwa karibu kiasi kwamba baba angeweza kumgusa. Shangazi akafunga fundo kwenye kamba.

"Dada," akasema baba.

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akimwita hivyo, kinywa chake kwa sikio lake. Jikoni mama akaacha kupuliza moto.

"Dada, paa tu. Kelepi ana robo kopo la nyeupe limebaki, amesema atalitoa bure. Ubavuni kote kubaki hivi hivi unavyotaka. Wakipiga video hawataona juu."

Sauti yake haikuwa ya mtu mzima. Nilitamani niwe nimekwenda mbali.

Shangazi aliinama, akapitisha kamba tena, safari hii kwa upana, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine mbele ya kifua cha baba.

"Usilegeze, mwanangu," akaniambia.

Nikaikaza. Baba alikuwa bado anamtazama usoni, anangoja.