Pini Mdomoni

Drahomíra hakwenda Praha kuangalia makanisa. Wenzake wa chama cha wastaafu, waliotoka naye kijijini Moravia alfajiri, walikwenda kwa ajili hiyo, na tangu asubuhi walikuwa wakiburutwa huku na huku ndani ya Kasri nyuma ya mwavuli mwekundu wa Mwalimu Kubát. Yeye alikwenda kumtafuta mwanawe. Zbyněk alikuwa askari wa ulinzi wa Kasri, na ilikuwa imetimia miezi kumi na minne bila kupokea simu ya mama yake.

Katika basi zima aliyejua jambo hilo ni Vlasta peke yake, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na siri ikikaa kwa Vlasta huwa inakaa kwa taabu. Mjukuu wake ndiye aliyepita Kasri juma lililotangulia na kumpiga Zbyněk picha akiwa zamu kwenye lango kuu, lile lenye sanamu za majitu yanayopigana. Vlasta aliileta picha hiyo jikoni kwa Drahomíra na kuilaza mezani juu ya unga wa keki.

"Shoga, huyu hapa," alisema. "Na akiwa zamu hana pa kwenda. Saa nzima hawezi kukukatia simu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnunulia Drahomíra kiti ndani ya basi. Lakini askari wa Kasri ni wengi, malango ni zaidi ya moja, na zamu hubadilishwa kila saa. Saa tano alichomoka kwenye kundi akaenda kuchungulia langoni: askari mgeni. Saa sita akachomoka tena, akimwachia Vlasta kazi ya kumdanganya Mwalimu kwamba tumbo linamsumbua: askari mgeni mwingine, mwenye chunusi. Masalia ya mitume, madirisha ya rangi, makaburi ya wafalme, vyote hivyo alivipita kama mtu apitaye duka lililofungwa. Moyo wake ulikuwa langoni, na miguu ilikuwa imevimba.

Saa saba kamili, safari hii Vlasta akiwa naye langoni, ndipo askari walipokuja kwa mwendo wa pamoja, visigino vikigonga mawe, na wa katikati alikuwa Zbyněk. Drahomíra alimjua kwa masikio kabla ya uso. Masikio yale alikuwa ameyashonea kofia tangu yalipokuwa makubwa kuliko kichwa.

Wakamsimamisha mbele ya kibanda cha mistari, bunduki yenye kisu nchani mkononi, miwani myeusi usoni, wakaondoka. Akabaki hapo kama aliyemwagwa kwa saruji, na watu wakaanza kushangaa jinsi askari anavyoweza kutulia vile. Drahomíra peke yake hakushangaa. Kutulia kulitoka kwake.

Yeye ni fundi cherehani, ndiye anayeshonea kijiji chote mavazi ya sikukuu ya mavuno, yenye marinda na nakshi zisizokwisha. Zbyněk alikuwa kipimo chake. Tangu ana miaka minne alimsimamisha juu ya kiti, saa nyingine jioni nzima, pini zikiwa zimejaa mdomoni mwa mama kiasi kwamba hawezi kusema neno. Basi walikuwa wakielewana kwa miguno ya mdomo uliofumba. Mguno mmoja mfupi: geuka. Miwili mifupi: inua mikono. Mmoja mrefu, wa kushuka kutoka puani: simama hapohapo, usithubutu kusogea, bado sijamaliza na wewe. Jeshi lilimpokea akiwa kafundishwa tayari.

Kilichowagombanisha ni pango la mvinyo. Mababu wa Bedřich, mume wake, walilichimba kilimani, na kila vuli, zabibu zinapochacha, hewa mbaya hujaa mle ndani. Mtu huingia na mshumaa. Mshumaa ukizimika, anageuka na kutoka. Siku moja Bedřich alishuka mara moja tu kuchukua mpira wa kunyonyea mvinyo, akaona kuwasha mshumaa ni kujichelewesha. Zbyněk, wakati huo ana miaka kumi na tisa, ndiye aliyemvuta nje kwa miguu, na alichokivuta hakikuwa na uhai.

Mwaka uliofuata, Zbyněk akiwa mafunzoni, Drahomíra aliliuza pango kwa daktari wa meno wa Brno. Hakumwambia mtu. Mtoto alirudi likizo na ufunguo wake mfukoni, akakuta kufuli la mtu mwingine. "Umemuuza baba," ndivyo alivyosema, kisha akachukua begi lake akaenda stesheni kwa miguu. Na Drahomíra, mwanamke asiyekosa la kumjibu hata padri, alinyamaza. Alidhani mwanawe ataelewa mwenyewe. Upumbavu ulioje! Nani aliwahi kuelewa mwenyewe?

Sasa kijana alikuwa hatua tano mbele yake, na yeye alikuwa amejibanza nyuma ya Vlasta kama mwizi wa kuku. Dakika ishirini zilipita hivyo.

"Unangoja akuandikie barua?" Vlasta alimnong'oneza. "Saa nane kamili basi linaondoka, na yeye saa nane kamili anaondolewa. Sogea, bibi wewe!"

"Naogopa."

"Unamwogopa mtoto uliyemfuta makamasi?"

"Huyo huyo."

Watalii walikuwa wakipokezana kupiga naye picha. Msichana mmoja alimwegemea karibu kumgusa bega. Kijana mwenye aiskrimu alimsogezea aiskrimu puani, akamwonyesha ulimi, rafiki zake wakavunjika mbavu. Zbyněk hakutikisika. Lakini Drahomíra aliona tone la jasho likishuka toka kwenye kofia hadi shavuni, akaona na magoti yalivyokazwa nyuma, na roho ikampanda. Siku ya kipaimara mtoto huyu alisimama kanisani na magoti yamekazwa hivyohivyo, akaanguka kifudifudi mbele ya askofu. Je, akianguka hapa, juu ya mawe, na kisu kile kwenye ncha ya bunduki?

Hofu hiyo mpya ndiyo iliyomsukuma. Alijikuta kamfikia kijana wa aiskrimu.

"Toka hapa! Mama yako akikuona atasemaje?"

Kijana hakujua Kicheki, ila macho aliyoyaona aliyaelewa, akaondoka. Na Drahomíra akabaki mbele ya mwanawe, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Legeza magoti," alisema. Hilo ndilo lililotangulia kutoka, baada ya miezi kumi na minne. "Legeza kidogo, hawataona. Zbyněk, ni mimi. Najua huwezi kujibu. Sikuja unijibu. Nimekuja unisikie tu, halafu ukitaka kununa, nuna."

Miwani myeusi ilitazama juu ya kichwa chake, kuelekea uwanjani.

"Lile pango sikuliuza kwa sababu nimemsahau baba yako. Kila vuli unasikia zabibu zinachemka mle chini, na mimi nasikia hatua zako. Unafanana naye mno, mwanangu. Una haraka kama yake. Nilikuwa nakuona unashuka mara moja tu, kuchukua kitu kidogo tu. Nikiwa na nyuzi mkononi, nakuona. Nikilala, nakuona. Nikasema, na lipotelee mbali, wanichukie wote, lakini huyu hashuki tena. Ningekwambia siku ile. Niliogopa nikilitamka kwa mdomo litatokea. Ndiyo hivyo. Mamako ni mjinga."

Mzee mmoja mgeni aliinua kamera yake kuwapiga picha wote wawili. Vlasta akamsimamia mbele, mikono kiunoni. "Kanisa liko kule, babu! Kubwa tu! Hapa ni mambo ya nyumbani!"

Drahomíra alisubiri. Alimkagua mwanawe kuanzia kidevu hadi vidole vilivyoshika bunduki, alivyozoea kukagua pindo, akitafuta uzi mmoja tu uliolegea. Hapakuwa na kitu, ila kifungo kimoja cha koti. Jasho lilishuka, mkanda wa kidevu ukatulia palepale.

"Kama umenisikia, tikisa kidole. Kimoja tu, sitamwambia mtu."

Kidole hakikutikisika. Kengele za kanisa zikapiga robo ya mwisho kabla ya saa nane, na kule uwanjani mwavuli mwekundu ukaanza kuteremka kilima, wastaafu wakiufuata wawili wawili.

"Draha," Vlasta alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Mwalimu hasubiri mtu. Mwaka jana alimwacha mweka hazina."

"Nakuja."

"Umemwambia. Ameshasikia. Twende, mwenzangu."

Lakini amesikia nini? Pengine kelele za mwanamke anayemwaibisha kazini, mbele ya dunia nzima na kamera zake. Jioni wenzake watamcheka bwenini. Drahomíra alijiona alivyo: kikongwe chenye viatu vya shamba, kilichosafiri saa nne kumgombeza askari wa taifa kuhusu magoti. Machozi yalimjia, akainamia mkoba wake. Hakutaka mtoto aone hayo pia.

"Kifungo chako cha pili kimelegea," alisema taratibu. "Kitie uzi kabla hakijaanguka. Haya. Kaa salama."

Akageuka. Vlasta akamshika mkono, wakaanza kujipenyeza kati ya watu, hatua moja, mbili, tatu. Alikuwa amekwisha kuhesabu jinsi atakavyokaa dirishani njia nzima ili wasimwone uso.

Nyuma yake ukasikika mguno.

Haukuwa mkubwa. Msichana aliyekuwa akijiandaa kwa picha pembeni ya kibanda aliangaza huku na huku, akidhani ni simu ya mtu. Ulikuwa mmoja tu, mrefu, wa mdomo uliofumba, unaoshuka kutoka puani.

Drahomíra alisimama kana kwamba kakanyagiwa pindo la gauni. Hakugeuka. Polepole akaunganisha viatu vyake vya shamba, kisigino kwa kisigino, akashusha mikono ubavuni, akanyoosha shingo.

"Nini tena?" Vlasta alimvuta. "Draha! Tutaachwa!"

"Nenda," alisema, macho mbele, midomo haichezi. "Mimi nimeambiwa nisisogee."