Mashine Zisizolaza Kiporo

Katika chumba cha seva cha kiwanda kile cha dawa hamkuwa na mashine hata moja yenye diski. Fundi alizing'oa diski zote mwenyewe. Mashine ikiwashwa, ilivuta mfumo wake kupitia waya wa mtandao, ikaupakia wote kwenye kumbukumbu ya muda na kuanza kazi. Ikizimwa, kila kilichokuwemo kilipotea. "Mashine zangu hazilazi kiporo," alizoea kujigamba, na maelezo hayo aliyatoa hata kwa wasiomwomba.

Asubuhi hiyo mashine moja ilikuwa ikihema bila sababu. Mkuu wa ulinzi ndiye aliyeiazima, kwa ajili ya kamera za geti, alisema. Fundi akaingia ndani yake aone kinachoilemea. Geti halikuwemo. Alikuta chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake, kinachunguliwa kutoka juu ya makabati, na video zimepangwa kwa majina ya wenyewe, kwa unadhifu wa mtu anayepanga viatu vyake. Katika moja mkuu wa ulinzi alionekana uso mzima, akiirekebisha kamera. Fundi alimwonea kinyaa. Fisi mtu, na fisi huyo alikuwa shemeji yake.

Wala hakuwa mjinga, maana alichagua mashine isiyoacha alama. Fundi alitoa flashi mfukoni anakili ushahidi, kisha akairudisha. Flashi ile ilikuwa na picha za marehemu mama yake. Aliona kinyaa kuuchanganya uchafu ule nazo.

Badala yake alitafuta shahidi, akamwita dada yake, msimamizi wa wafungasha dawa, aliyemlea tangu mama alipofariki na ambaye naye alibadilishia nguo chumbani mle. Dada alizitazama, akayapitia majina. Jina lake halikuwemo. Mwishowe akauliza, kwa upole, kama video zile zimehifadhiwa mahali pengine.

"Hakuna," Fundi akasema. "Ziko humu tu, mradi haijazimwa. Tusiiguse mpaka mkurugenzi aje."

Akageuka kupiga simu. Nyuma yake feni zikanyamaza. Dada alikuwa bado amekandamiza kitufe kwa kidole gumba.

"Umefanya nini, dada?"

"Nina watoto watatu, mdogo wangu. Wanamhitaji baba yao."

Akaiwasha tena mwenyewe, akangoja mpaka ikaamka, tupu na safi. Akajifuta vidole kwenye koti. "Haya, nionyeshe ulichokiona."

Fundi aliutazama mkono ule uliomlisha na kumwogesha, akauonea kinyaa, kinyaa kile kile alichokisikia kwa shemeji. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alimpita dada, akashuka ngazi mbio, maana wanawake wa zamu ya asubuhi walikwisha kuanza kuingia kiwandani.

Akawakuta wamejipanga nje ya chumba cha kubadilishia nguo, wanapiga soga, wakimsubiri msimamizi aje kuwafungulia. Akasimama mlangoni, pumzi juu juu, akawaambia wasiingie, kuna kamera juu ya makabati.

"Nani kaiweka?" mmoja akauliza.

Dada alikuwa amefika nyuma yao, ufunguo mkononi, akimtikisia kichwa.

"Mume wa dada yangu," Fundi akasema.

Wote wakageuka kumtazama dada.