Breki ya Pili

Asubuhi ile Mwalimu Kioo alikuwa anapangusa gari lake kwa kitambaa kikavu. Gari halikuwa na vumbi. Alilipangusa jana, akalipangusa juzi, na angeachiwa angelipangusa mpaka rangi iishe, ilimradi ile saa ya kwenda kwa muuza magari isifike.

Jina la Kioo alipewa na wanafunzi wake. Maisha yake yote ya kazi alifundisha watu udereva, na kabla mtu hajagusa gia alikuwa anamfokea, "Kioo kwanza!" Nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Gari alilofundishia ndilo alilobaki nalo alipostaafu, na miguuni pa abiria bado palikuwa na breki ya pili, ile ya mwalimu, ya kuzuia mwanafunzi asiwapeleke wote ahera kabla ya siku yao. Breki hiyo na ile ya dereva zilifungwa pamoja. Ukikanyaga moja, nyingine nayo inazama. Mkewe aliliita gari hilo "mke mwenzangu," maana mwenzake alipanguswa kila siku, na yeye aliulizwa tu kama chai iko tayari.

Sasa alitaka mke mwenza aondoke. Alianza kwa utani, akaingia kwenye kununa, na wiki ile akasema waziwazi: walipeleke, waongeze akiba kidogo, wachukue jipya kidogo lisilo na gia za mkono.

"Limewahi kukuacha njiani?" Mwalimu alimuuliza. "Hata siku moja? Likiguswa linawaka. Wakubwa walisema, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Na mbachao ukitoboka?"

"Umetoboka wapi? Nionyeshe."

Mkewe hakumwonyesha. Alienda kumvalisha mjukuu viatu.

Kilichokuwa kimetoboka Mwalimu alikijua, na hakikuwa gari. Upande wa kushoto alikuwa haoni. Daktari wa macho alimwambia presha ya macho imekula jicho moja na imeanza la pili. Atie dawa kila siku, na funguo za gari ampe mtu mwingine. Dawa aliichukua. Ushauri wa pili aliuacha palepale mezani kwa daktari, na hakumwambia mtu. Kichupa kilikaa mfukoni mwake mchana kutwa, na akitaka kutia matone alijifungia chooni kama mtoto aliyeiba sukari.

Kila asubuhi alimpeleka mjukuu shule ya chekechea, kwa kuwa mama yake mtoto aliwahi kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake iliyobaki. Bila funguo, mwalimu wa udereva ni nini? Ni mzee wa sebuleni anayeulizwa kama ameshakula. Katika gari lake la zamani aliweza, kwa sababu alilijua kama mtu anavyojua chumba chake gizani. Katika gari geni angeumbuka, na hilo ndilo lililomfanya apanguse gari lisilo na vumbi.

Tena mkewe hakukosa safari hata moja. Alikaa kushoto na mdomo haukupumzika: "Baiskeli kushoto. Mama na mtoto wanavuka. Taa nyekundu." Huo ulikuwa mtindo wa Mwalimu mwenyewe. Wanafunzi wake wote walilazimika kusema kwa sauti kila wanachokiona, maana mdomo ukisema, ujue jicho limeona. Alidhani mkewe anamtania. Alikunja uso, lakini masikio aliyatega.

Na mara mojamoja, kwenye njia panda, alihisi breki ikizama yenyewe chini ya soli kabla hajakanyaga. "Gari zuri hili," alikuwa akisema, na kuupiga usukani kofi la shukrani. Mtu mzima, bingwa wa breki, akajidanganya namna hiyo! Lakini ndivyo tulivyo. Mficha maradhi huyaficha kwa nafsi yake kwanza.

Basi wakaenda, wote watatu, maana ilikuwa Jumamosi na mtoto hakuwa na shule. Muuza magari alikuwa mwanafunzi wa zamani, yule aliyeitwa Kona kwa jinsi alivyokuwa akikata kona na roho za watu mkononi. Alitoka mbio kuwalaki.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Bado unatisha watu barabarani?"

"Nimeacha, Mwalimu, naapa. Njoo ulijaribu hili. Mimi nitakaa mbele nikuelekeze, mama na mjukuu wakae nyuma."

"Mimi nikae mbele," mkewe alisema haraka.

"Mama, lazima nimwonyeshe hii skrini."

"Nimesema nikae mbele."

Mwalimu aliona aibu. "Kaa nyuma, mke wangu. Anayeendesha ni mimi, si wewe." Uso wa mkewe ulibadilika, na Mwalimu akadhani amenuna.

Gari lile lilikuwa kimya mno. Aliuliza mara mbili kama limewaka. Alitazama kioo, akatoka nje ya geti taratibu, na jasho likaanza kumshuka mgongoni.

"Haya," Kona akacheka, akipiga mapaja yake. "Ulitutesa sana, leo zamu yako. Sema unachokiona!"

Mwalimu akaanza. Kulia alisema vizuri: ukuta wa bluu, lori limeegeshwa, mtu na ngazi. Kushoto alisema kwa kumbukumbu. "Duka la dawa. Kituo cha basi, watu wanasubiri."

"Duka la dawa?" Kona aligeuza shingo. "Si lilivunjwa, Mwalimu?"

"Najua. Nakupima wewe."

Kona alicheka tena, lakini kidogo. Nyuma, mkewe akaanza kwa sauti ya chini: "Pikipiki kushoto, inakuja."

"Mama, usimwonyeshe majibu! Mtihani ni wake."

"Baiskeli mbili kushoto—"

"Nyamaza!" Mwalimu akafoka.

Mkewe akanyamaza. Hapo ndipo Mwalimu alipojua ule mdomo ulikuwa unamfanyia nini. Upande mzima wa barabara ulifutika. Alishika usukani kwa nguvu na kuomba Mungu barabara iwe tupu, na kiburi kikamzuia kusimama. Kona aliinama kwenye skrini, akibonyeza, akieleza habari za redio.

"Breki!" mkewe akapiga yowe.

Alikanyaga kwa nguvu zake zote. Magurudumu yalilia, vichwa vikaenda mbele, na mgongo wa kiti cha Kona ukapigwa teke kubwa kutoka nyuma. Kisha kiganja cha mtu kikatua juu ya boneti. Kilikuwa cha mwanamume aliyesimama kwa miguu yake, anahema, na mkokoteni wake ulikuwa umepinda mbele ya bampa, gunia moja limepasuka na viazi vinabiringika barabarani.

"Mzee, hunioni?" yule mtu alilia. "Nimepiga kelele tangu kule! Hunioni?"

Kona alishuka kumtuliza na kuokota viazi. Mjukuu alikuwa analia kwa kwikwi, bibi yake amemkumbatia. Mwalimu hakugeuka. Alikuwa anawaza lile teke. Ulikuwa mguu wa mkewe, na haukupiga kiti kwa bahati mbaya. Ulikuwa unatafuta kitu cha kukanyaga.

"Mwalimu," mkewe alimwita kutoka nyuma. Hakukuwa na utani. "Sema unachokiona."

Alitii. "Kulia kuna geti jeusi. Mbele kuna Kona, anaokota viazi."

"Na kushoto?"

Angeweza kubahatisha tena. Neno lilimfika mdomoni, kituo, ukuta, mti, chochote. Kwikwi za mtoto zikamzuia.

"Kushoto sioni kitu," alisema.

Mkewe akashusha pumzi.

"Umejua tangu lini?" Mwalimu akauliza.

"Tangu siku ulipolishukuru gari kwa kusimama, na mguu uliokuwa kwenye breki ni wangu."

Hasira zikampanda, za mtu aliyekamatwa. "Ukajua, na ukaniacha nimbebe mtoto?"

"Sikukuacha. Nilikaa pale kila asubuhi. Niliogopa kukuvunja, nikaona bora nikanyage kimyakimya. Lakini wiki hii nilichelewa. Kidogo tu, pale kwenye kivuko cha shule. Wewe hukujua. Mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo, baba. Na mguu wangu nao ni wa mtu mzima."

Mwalimu alifunika uso kwa mikono. Aliona aibu, na chini ya aibu hofu, hofu kubwa ya kile ambacho hakikutokea kwenye kivuko cha shule.

Mkewe alishuka, akaja akafungua mlango wake. "Sogea."

"Uende wapi? Hujui kuendesha wewe. Nilikupa somo moja ukashuka unalia."

"Nilishuka kwa sababu ulinifokea. Nikapata mwalimu asiyefoka." Kona, aliyekuwa na kiazi katika kila mkono, akainamisha macho. "Leseni ninayo. Gia za mkono ndizo zilizonishinda."

Hapo Mwalimu akaelewa kwa nini gari jipya, na kwa nini hili lisilo na gia za mkono. Alitoka, akazunguka boneti kwa kupapasa, akakaa kushoto.

"Babu," mjukuu alisema, akifuta kamasi, "hapo ni kwa bibi."

"Tumebadilishana," alimjibu.

Mkewe alitazama kioo kwanza. Alifunga mkanda, akaondoa gari bila kulishtua, na Kona, aliyekuwa ameshapatana na mwenye mkokoteni, akakaa nyuma, magoti karibu na kidevu. Penye njia panda mguu wa Mwalimu ulikanyaga sakafu kwa nguvu. Palikuwa na zulia tu.

"Nimeiona," mkewe alisema.

Mwalimu alitia mkono mfukoni, akapita kichupa cha dawa, akatoa funguo za gari la zamani. Alizishika kidogo. Kisha akazipitisha nyuma bila kugeuka.

"Atakayelinunua mwambie breki zote mbili ni nzima," alimwambia Kona. "Ya kushoto ndiyo iliyofanya kazi zaidi."

Kona alizipokea kwa mikono miwili.

Mwalimu aligeukia upande wa dirisha lake, kwenye ule ukungu wa kushoto aliowaficha watu wote. "Sema basi," alimwambia mkewe. "Usiruke kitu."

"Kushoto," mkewe akaanza, "kuna mwanamke anaanika mashuka. Kuna mbwa amelala. Kuna watoto wawili, na wametuona, wamesimama."