Jemedari wa Mabawa

Sabiri alimkuta Jemedari, beberu wake, amelala ubavu saa ya malisho. Mtaa mzima wa Mabawa, wenye mbuzi majike walimfuata huyu tu, na Sabiri alikuwa akipita naye mtaani utadhani sifa zile ni zake yeye. Sasa beberu kabaki mifupa na ndevu. Dawa ya minyoo alipewa, akapata nafuu, akaanguka tena. Majike waliokula naye majani yaleyale walikuwa wazima kabisa.

"Jicho hilo," alisema Sabiri. "Watu wana husuda."

Mkewe, Zuwena, hakubishana naye. Alimpigia simu Lea, bibi mifugo wa kata.

Lea alimfunua beberu kope, akatikisa kichwa. "Damu hana. Ni minyoo, lakini kinachoipa nafasi ni udume wenyewe, baba Asmahani. Homoni zinazompa dume hamu ya majike ndizo hizohizo hupunguza kinga ya mwili wake. Jike mara nyingi hupambana na minyoo vizuri zaidi, ingawa akikaribia kuzaa naye hulegea. Na huyu wako hapumziki, kila siku harusi! Tumtibu, apate nguvu kidogo, kisha tumhasi. Siwezi kuapa kwamba atapona, ila itamsaidia."

"Basi nihasini na mimi!" Sabiri alifoka.

"Wewe mafua tu yanakulaza kutwa," alisema Zuwena. "Mimi ninayo hayohayo na chakula napika."

Lea aligeuka kuficha kicheko. Sabiri akanuna. Aliona aibu, tena aibu ya kijinga: watu wa barazani watamcheka mpaka lini? Lakini Jemedari alisikia sauti yake, akajaribu kuinuka amfuate, miguu ikamkatalia. Kiburi chote kikamtoka Sabiri.

"Fanyeni," alisema, machozi yakimlenga.

Mvua za vuli zilipokwisha, Jemedari alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa, na habari za majike hana kabisa. Uweso, jirani aliyekuwa akijiandaa kuoza binti, alikuja akampapasa mgongo.

"Ndafu safi huyu! Niuzie."

"Hauzwi."

"Sabiri, kupanda hapandi, kuchinja humchinji. Sasa hapa ana kazi gani?"

Sabiri alimfungua Jemedari kamba ili ampeleke malishoni, kwa njia ya barazani, mbele ya watu wote.

"Kuishi," alijibu. "Kazi yake ni kuishi."