Tiara ya Mita Ishirini na Moja

Mizani ilikuwa ya kioo, ya kuwekwa bafuni, na mdogo wa Bonge aliiweka mlangoni mwa chuo cha kuteleza majini kwa tiara ili kila mwanafunzi apande kabla hajagusa kamba. Bonge alipanda kama wenzake. Namba zikayumba kidogo, zikatulia kwenye mia na nane. Mdogo wake akaziandika daftarini, akafikiri, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kazi aliyowasemesha wengine kwamba haitawezekana. Tiara kubwa kuliko zote stoo ilikuwa ya mita za mraba kumi na nne, na kwa upepo wa ghuba ile, upepo wa kupoza chai tu, isingeweza kumtoa majini mtu wa uzito ule. Na zile siku chache za mwaka ambazo upepo huvuma kweli, hakuwa tayari kumfunga mwanagenzi mzito kwenye tiara halafu abaki kuomba Mungu.

Wanafunzi watano waliokuwa kwenye foleni wakatazama vidole vyao vya miguu. Bonge akacheka ili wasione haya, akavaa kandambili zake, akarudi nyumbani.

Bonge ni jina alilopewa darasa la tatu, akalizoea hadi akaliandika kwa mkono wake juu ya mlango wa chumba chake cha kazi: Bonge, Fundi wa Tiara. Kwa miaka kumi na moja, kila tiara iliyochanika kwenye ghuba ile ilipita chini ya sindano yake. Akiitazama mara moja tu alijua ipi imekwaruzwa na mawe, ipi imeachwa juani na mwenyewe mvivu. Alijua kuziba mpira wa ndani uliotoboka na kufunga upya hatamu, zile kamba fupi za mbele zinazoishika tiara isipinduke. Lakini hakuna hata moja iliyowahi kumvuta yeye. Sasa watoto wake wawili walikuwa wameshajitegemea, yeye ana miaka arobaini na mitatu, na aliona zamu yake imefika. Kuambiwa ukweli hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni jinsi mdogo mtu alivyofunga daftari, kama aliyemaliza kesi.

Jioni ile mumewe, ambaye ni seremala, alimkuta ameinamia karatasi yenye michoro na hesabu kwenye meza ya kulia. Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la tano. Kama tiara ya mita kumi na nne inamnyanyua mtu wa kilo sabini na tano kwa upepo wa kawaida wa pale, basi mtu wa kilo mia na nane anahitaji ya mita ishirini na kidogo. Alikuwa ameandika ishirini na moja, akaizungushia duara.

Mumewe aliitazama michoro. "Kutoka ncha hadi ncha ni mita ngapi?" akauliza.

"Kumi na robo."

"Basi itabidi nihamishe mabenchi."

Hivyo ndivyo karakana ya useremala ilivyogeuka kiwanda cha tiara kila Jumamosi na Jumapili. Chumba cha Bonge kilikuwa cha hatua nne kwa tano, kisingetosha hata bawa moja. Walifagia vumbi la mbao mpaka sakafu ikang'aa, wakatandika mashuka ya zamani, na Bonge akabeba cherehani yake kichwani hadi huko. Kitambaa alikitoa kwenye kona ya vifu, kama alivyoiita mwenyewe: tiara zilizokwisha kabisa ambazo wenyewe walimwachia. Nyekundu mbili, ya kijivu moja na ya manjano moja. Alizifumua zote mshono kwa mshono, akaviinua vipande dirishani kimoja kimoja, na chochote kilichopitisha mwanga mahali pasipostahili akakitupa.

Siku ya tatu mdogo wake alikuja na tiara ya chuo iliyopasuka mkiani. Akaona michoro ukutani, akajua. Hakupandisha sauti. Alimweleza dada yake kwamba tiara kubwa kiasi hicho inageuka kama lori lenye tela, kwamba upepo ukikatika inaanguka kinyumenyume kama shuka lililotoka kwenye kamba, na ikilowa hainyanyuki tena. Na upepo ukiongezeka ghafla, ndiyo balaa lenyewe. Ile nguvu ya ziada inakuwa ya kubeba mtu.

"Dada, mimi siongei kwa ubaya. Nimeona mtu akiburutwa hadi kwenye mawe."

"Najua. Ile tiara niliishona mimi," Bonge akajibu. "Niachie hiyo ya mkia uliopasuka, njoo Alhamisi."

Akafunga kibwebwe. Wiki tano alishona kwa mshono wa zigizaga, safu mbili kila ungio, magoti yamewekewa sponji la kochi kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya kutambaa. Bomba la mbele, ambalo hujazwa hewa likawa kama uti wa mgongo, alilikata mara tatu kabla halijamridhisha. Kutoka bomba lile hadi mkiani aliweka mbavu tano, nazo za kujazwa hewa. Mumewe akamchongea ubao wa mbao nyepesi, mpana kama mlango wa kabati na mwembamba kiasi cha kupinda ukiusimamia. Wapita njia walichungulia wakauliza kama ni hema la harusi. Bonge akawaambia ndiyo, bwana harusi bado anatafutwa.

Jaribio la kwanza liliisha kabla halijaanza. Asubuhi ya upepo mwembamba, mumewe akiwa ameishika ncha ya bawa, tiara ilipanda mita kumi, ikasita, ikajitafakari, kisha ikashuka kwa makalio na kuketi majini puu. Wakaitoa, wakaimwaga maji, wakairusha tena. Mara sita. Mara ya sita ilipodondoka, Bonge aliona kwa mbali mdogo wake amesimama kwenye baraza ya chuo, mikono kiunoni. Hakuja, wala hakucheka. Aliingia ndani.

Bonge hakuwa mtu wa kujidanganya. Tiara ilikuwa nzito. Alikuwa ameishona kwa woga, akaipa nguvu kila mahali kama anayeshona mzigo wa gunia: kiraka juu ya kiraka, uzi mnene, mbavu tano ambapo tatu zingetosha. Jumatatu iliyofuata akakaa na kifumulio akaanza kufumua. Ilimchukua siku nane. Akaziondoa mbavu mbili, viraka ishirini na tatu, na utepe wote wa mkiani, akarudishia uzi mwembamba. Aliporundika vitu alivyovitoa kwenye mizani ya jikoni, vilikuwa vinakaribia kilo moja na nusu. Akaikunja tiara, akaibeba chini ya kwapa, na kwa mara ya kwanza ikambebeka.

Mara hii ilipanda na ikakaa.

Akaanza kujifunza peke yake, bila ubao, amesimama kwenye maji ya kiunoni, mpini wa kamba mikononi na mkanda mpana umembana nyonga. Tiara ilimvuta kama ng'ombe mpole anayejua njia. Lakini kila alipotaka kuipeleka upande wa pili, ilichelewa. Na ilipochelewa, naye akavuta mpini kwa pupa. Na alipovuta, ikaanguka kinyumenyume. Wiki mbili aliogeshwa hivyo. Alirudi nyumbani macho mekundu kwa chumvi, anakula, analala, na kesho yake yuko kule kule kabla hajafungua chumba cha kazi.

Asubuhi moja, baada ya kuanguka kwa nne, alisikia maji yakichapwa nyuma yake. Mdogo wake alikuwa anakuja, suruali imekunjwa magotini na bado inalowa.

"Unavuta tiara inapoishiwa nguvu," akasema. "Kila mtu hufanya hivyo. Ukihisi inalegea, sukuma mpini mbali, iache ipumue. Halafu iambie mapema. Hii si tiara ya kushtukiza. Unataka iende kushoto, anza kuiambia kabla hujataka."

Bonge akaiinua tena. Ilipolegea, kila kiungo cha mwili wake kilitaka kuvuta. Akauma meno, akasukuma. Tiara ikayumba, ikameza upepo, ikasimama wima.

"Haya," mdogo wake akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya mlangoni. "Nitakufundisha. Sharti langu ni moja."

Sharti lilihusu kifungo chekundu kilichokuwa juu ya ndoano ya mkanda. Kikisukumwa, tiara hupoteza nguvu yote na kubaki imening'inia kwa kamba moja kama kitambaa. Alimtaka Bonge akisukume bila kuwaza, siku yoyote miguu itakapoanza kubebwa asipotaka. Akamsimamisha mchangani bila tiara, yeye mwenyewe akashika kamba kwa mbele na kumvuta, mara polepole, mara kwa kumshtua. Walirudia mara arobaini. Bonge alipouliza kama haitoshi, aliambiwa bado kumi.

Siku aliyosimama juu ya ubao kwa mara ya kwanza, alikwenda hatua kama thelathini na kuzama. Siku iliyofuata, mia mbili. Tatizo likawa kurudi. Mgeni wa mchezo huu husukumwa na upepo upande mmoja tu, kisha hutembea kwa miguu hadi alikoanzia, tiara begani na ubao mkononi, akiwapita watu wote wanaojua. Bonge alitembea hivyo siku kumi na moja. Mumewe alizipima njia hizo kwa hatua zake, akasema kwa jumla mkewe ameshatembea hadi mji wa jirani na kurudi, na hajaleta hata zawadi.

Kisha ikaja siku ya wingu. Upepo ulikuwa mtulivu asubuhi nzima, Bonge yuko mbali kuliko alivyowahi kufika, na kwa mara ya kwanza aliona ncha ya ubao wake inakata kuelekea kule upepo unakotoka, si unakokwenda. Kidogo tu, lakini alijua maana yake. Alikuwa anarudi. Ndipo maji yaliyo mbele yake yakabadilika rangi, yakawa meusi yenye mikunjo, na mikunjo ile ikamjia mbio.

Tiara ikavuma. Hatamu zikalia. Ubao ukaanza kugonga maji kama sahani, na Bonge akahisi uzito wake wote, kilo mia na nane alizobishana nazo miezi minne, unakuwa mwepesi miguuni. Ilikuwa raha, hilo hakulificha baadaye. Ilikuwa raha kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata majini, na baraza ya chuo ilikuwa pale mbele, dakika mbili tu, tatu. Maji yakaachana na ubao.

Akasukuma kifungo.

Akaanguka chali, akaibuka anatema chumvi, na juu yake tiara kubwa ikapapatika, ikajikunja, ikalala majini huku kimbunga kidogo kile kikiichapa. Ncha ya kushoto ilichanika kwa mlio mkali. Alishika ubao akaacha upepo umsukume taratibu hadi ufukweni. Mdogo wake aliingia majini na nguo zote kumpokea. Alimshika mabega, akamgeuza huku na huku akimkagua kama mtoto aliyeanguka kutoka kitandani.

"Nilidhani hutaachia," akasema. "Nilikuona unarudi. Nikasema huyu dada yangu, na ubishi wake, hataachia."

"Hata mimi nilidhani," Bonge akasema.

Walibeba tiara pamoja, kila mmoja ameshika bawa lake, maji yakichuruzika mgongoni. Mchana wa siku ile Bonge alikuwa sakafuni kwa mumewe, sponji magotini, anafumua ncha ya kushoto. Mdogo wake alikuja saa kumi, akavua viatu, akaketi upande wa pili kumshikia kitambaa kisivute. Hakujua kushona hata kifungo cha shati, lakini kushika alijua. Katikati ya kazi, bila kuinua macho, alisema alipaswa kumwita pembeni siku ile ya mizani, si kumwambia mbele za watu. Bonge akamwambia akaze upande wake, mshono unapinda. Akakaza.

Wiki mbili baadaye kulipambazuka na upepo hafifu kiasi kwamba bendera ya chuo iliinuka na kulala, ikainuka na kulala. Tiara zote za chuo zilipangwa mchangani kama magari yaliyokosa mafuta, na wanafunzi walikaa kivulini wakila karanga. Bonge akajaza tiara yake. Mdogo wake akashika ncha, akasubiri ishara, akaachia.

Ilipanda polepole, nyekundu na kijivu na manjano, hadi ikafunika jua kwa wale waliokaa. Bonge akaishusha hewani mara moja, kwa upole, ili imvute, akasimama. Hakukimbilia kukata upepo. Aliupa ubao mwendo kwanza, akasubiri hadi maji yakaanza kuimba chini ya nyayo, ndipo akaegemea kisigino kidogo. Upepo ulipolegea, akasukuma mpini. Tiara ilipotakiwa kugeuka, alikuwa ameshaiambia zamani. Alifika mbali penye maboya, akageuza bila kuanguka, akarudi. Aliwapita wanafunzi, akapita pale alipoanzia, akavuka hatua ishirini zaidi kuelekea upepo unakotoka, kisha akasimama kwenye maji ya magoti, tiara ikining'inia juu ya kichwa chake.

Mdogo wake alikuja akikimbia majini. Alisimama kando akahema, akainua uso kutazama kitambaa kile kikubwa chenye vipande vya tiara nne. Akauliza kama na yeye anaweza kujaribu, hata mara moja.

"Kesho," Bonge akasema. "Leo bado natumia."

Akaingiza miguu kwenye ubao, akaiambia tiara kushoto, akaondoka.