Upande wa Jua

Kuba ndilo jina walilompa mama huyu karakanani, kwa kuwa hakuna aliyejua kukunja kuba za kuingizia mwanga paani kumshinda. Leo alisimama kando ya kitanda cha bintiye, wodi ya wazazi, akijitahidi asitazame juu. Akatazama. Kuba zote sita, kazi ya mikono yake, zilikuwa zimegeuka manjano.

Miaka mitatu nyuma, yeye na kaka yake, mwenye karakana, walibishana juu ya kuba hizi mpaka chai ikapoa. Kioo kilikuwa kizito kwa paa lile. Kaka alitaka plastiki ya akriliki, haichujuki kwa jua.

"Na jiwe likitua juu yake, wazazi wanyeshewe vipande?" Kuba alimjibu. "Polikaboneti, kaka. Ile hata ukiipiga nyundo inakucheka."

Akashinda, akatamba wiki nzima. Sasa, polikaboneti ile ilikuwa na kinga ya kuizuia isigeuke manjano kwa jua, upande mmoja tu, nao hujulikana kwa maandishi ya utando mwembamba unaoifunika. Utando hubanduliwa kabla ya kuilainisha tanurini, na fundi mwenye akili hutia alama kwanza. Kuba, kwa kiherehere cha ushindi, alibandua yote ndipo akakumbuka. Akakisia upande. Angesema nini baada ya majigambo yale? Alinyamaza, na kimya kikamfungia ndani. Kila mwezi uliopita, mlango ulizidi kuwa mzito.

"Nesi," bintiye akauliza, "mwanangu si wa manjano kidogo?"

"Aa, mwanga wa humu huo," nesi akacheka. "Wote wanaonekana hivyo. Huwa tunawatoa nje kuwaangalia, ila tangu juzi ni mvua tu. Usihofu, mama."

Binti akatulia. Kuba hakutulia. Akisema, ataumbuka yeye na kaka yake, na jina la karakana liende na maji. Asiposema... Alimtazama mjukuu wake, siku tatu duniani, amelala tu, kunyonya hataki. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Akambeba, akaelekea nje.

"Mama, mvua hiyo!" bintiye akamwita.

Hakugeuka. Alisimama mlangoni, chini ya ukingo wa paa, penye mwanga wa kawaida. Akambonyeza mtoto paji la uso kwa kidole, akakiondoa aone rangi ya ngozi. Manjano. Hata hapa, manjano.

"Nesi! Huyu ni mgonjwa kweli. Kuba hizi nimezitengeneza mimi, niligeuza upande. Waleteni watoto wote hapa mlangoni, muwaangalie."

Nesi alifika, akamtazama mtoto, kicheko kikamkauka. Akampokea, tayari kukimbia, kisha akasimama.

"Zimekuwa hivi tangu lini?"

"Nilipita mwaka jana. Zilikuwa zimeshaanza kugeuka."

"Mwaka jana mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo," nesi akasema polepole. "Hatukumtoa nje hata mtoto mmoja kumwangalia."