Kunuka na Kunukia

Shati la mume wangu lilikuwa linanukia. Si jasho wala sabuni, ni harufu tamu, kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Na mimi marashi yangu nayajua. Tena siku hizi alikuwa hayasifu. Zamani nikifungua chupa mpya hunifuata hadi jikoni, pua shingoni. Sasa nilikuwa napita, narudi, napita tena, na yeye macho kwenye sahani.

Kazi yake ni kuchota maji ya mto chini ya kiwanda cha rangi na kuyapeleka maabara, wapime yanavyodhuru viumbe. Huchota na mwanamke mmoja mwenye mwanya, anaitwa Daktari wa Samaki. Mwanya wenyewe niliuona kwenye picha ya ofisi. Tangu hapo wivu ulinikaba, hata chai haishuki.

Basi nikalitia shati kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda maabara.

"Karibu, wifi!" akasema yule mwanamke, mwanya wote nje.

Wifi! Tangu lini? Nikalitupa shati mezani mbele yake.

"Nusa. Halafu uniambie marashi haya ni ya nani."

Akanusa, akacheka kidogo. "Hii dawa ya kuyeyushia rangi, wifi. Inatoka kwenye bomba la kiwanda. Mimi tukienda pale navaa barakoa. Mumeo hataki, anasema haimsumbui."

Aibu niliiona, lakini wivu hauondoki kwa aibu. Nikabaki nimesimama namkagua toka kichwani hadi viatuni. Viatu vilikuwa vya mpira, vimejaa tope. Labda alinihurumia, maana alinishika mkono akanipeleka kwenye matangi mawili ya samaki.

Kwenye la kwanza, lenye maji safi, alidondosha maji yaliyolowekewa chakula. Samaki wakaja mbio, wanasukumana. La pili lilikuwa na maji ya mto. Akadondosha vilevile. Samaki wakaendelea kuzunguka kama hakuna kitu.

"Wameshiba hawa," nikasema. "Wanaringa."

"Hawasikii harufu. Kiwanda kinasema mto ni salama kwa sababu samaki hawafi. Kweli hawafi, ila pua zimekufa. Hawanusi chakula, hawanusi adui. Hata wakati wa kuzaana, dume anampita jike kama anapita jiwe."

Nilitoka hata shati nikalisahau.

Nyumbani marashi sikuyagusa. Nilijipaka mafuta ya taa, shingo nzima, mpaka macho yakaniwasha na watoto wakakimbilia nje wameziba pua. Mume wangu aliporudi nikamsubiri akae, nikamwinamia. Nilimwomba Mungu anifokee, aniite mwendawazimu. Wakati ule ningemkubali hata yule mwenye mwanya, aje na mabegi yake.

"Mbona siku hizi husemi chochote kuhusu marashi yangu?" nikamuuliza.

Alinitazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akiliogopa. Kisha akaleta pua shingoni mwangu, akavuta pumzi ndefu, taratibu, kama zamani.

"Unanukia, mama watoto," akasema. "Unanukia sana."